Chujio la plant ya dhahabu nimelikuta linachuja maziwa ya mwanangu

Wakuu, heshima kwenu. Hili sijasimuliwa na mtu, limenikuta mwenyewe.

Nafanya kazi kwenye plant ya kuchenjua dhahabu huku upande wa Masumbwe. Maji yetu machafu ni chumvi tupu, yamejaa sayanaidi, ile sumu ya kuchenjulia dhahabu, na shaba. Zamani yote yaliishia kwenye bwawa la majitaka.

Siku hizi boss kaleta mashine ya membrane, yaani machujio ya kisasa. Sayanaidi inarudi kazini, shaba inauzwa, maji yanatumika tena. Msimamizi wake ni mimi, na nilikuwa naringa nayo haswa.

Membrane ikiziba inatolewa. Ukiipasua, ndani imeviringishwa kama mkeka, ina wavu mweupe laini, mzuri balaa. Zilizochoka zinarundikwa nje ya uzio. Nani ahangaike na takataka?

Jumapili nikaenda kijijini kwa mama mzazi. Binti yangu Kabula analelewa huko tangu aache ziwa. Namkuta mama anachuja maziwa, Kabula kashika kikombe anasubiri.

Ule wavu nikautambua palepale. Nilipiga ukelele, nikaipiga teke ndoo.

"Baba Kabula, umerogwa? Maziwa ya mtoto hayo!"

"Mama, huu wavu umeutoa wapi?"

"Kwa wale wa vyuma chakavu, mnadani. Nimeufua kwa sabuni, ng'wanawane, mwanangu. Mbona tunautumia siku nyingi tu."

Sumu tunayoizuia isiende bwawani ndiyo imeganda humo. Sabuni itafanya nini?

Tukamkimbiza Kabula hospitali. Daktari akampima, akasema kwa sasa haoni dalili mbaya, ila tumrudishe aangaliwe zaidi. Nililia mbele za watu, wala sioni aibu.

Wakati wa kurudi, tunakaribia nyumbani, ndipo mama akasema, "Na Mama Shija nilimkatia kipande. Anachujia uji wa mapacha."

Tukapitiliza hadi kwa Mama Shija, jirani yetu. Wavu tukaupata. Kumbe naye kawakatia mashemeji zake.

Nilichojifunza: kusafisha maji hakutoshi kama hujui chujio lenyewe linaishia wapi.

Mnaofanya kazi kwenye plant za Geita na Shinyanga, machujio yenu yakichoka mnayatupa wapi? Semeni hapa leo, maana mimi na mama bado tunapita nyumba kwa nyumba.