Kompyuta Niliyoipeleka Ikungi

Namshukuru Mungu, uzee haujanizuia kujifunza. Kamati ya madrasa yetu Ikungi ilitaka kununua laptop. Nikawasihi wachague kompyuta ya mezani yenye Linux, programu isiyolipiwa. Kifaa kimoja kikiharibika, unabadilisha hicho tu. Wakasema nilete yangu waione, ndipo waamue.

Nikaifunga kwa kanga, nikaipakata kwenye basi kutoka Mandewa. Mbele ya kamati nikasoma dua, nikachomeka waya, nikabonyeza. Giza. Nikawaomba subira, kwani Linux haina papara.

Mwalimu Zuhura akachungulia nyuma. "Mzee wangu, hiki ni kioo tu. Kompyuta yenyewe iko wapi?"

"Lile boksi la chini ya meza kule nyumbani? Si stabilaiza ya umeme?"

Mwenyekiti akakohoa. "Nani bado anataka ya mezani?"

Nikanyoosha mkono, peke yangu.