Bunduki ya Mashoto na Sahihi ya Baba Mkwe

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, lakini miaka ile ya wakimbizi hakuna msomi, kutoka Ngara hadi Biharamulo, aliyekuwa na lori kama langu. Nilianza na baiskeli ya kubebea ndizi. Kambi ya Benaco ilipojaa watu nikawa napeleka ndizi, maharage na kuni, na vumbi langu lilijulikana kabla sijafika. Nalisema hili ili ujue kwamba mtu aliyekwenda kuchagua bunduki siku ile hakuwa mtu wa hivi hivi.

Sababu ilikuwa mbogo. Watu wengi namna ile lazima wapike, na msitu ukikatwa wanyama hawaandiki barua ya kuomba uhamisho. Wanahama. Dume mmoja mzee, sikio limechanika, alihamia kwenye migomba ya baba mkwe wangu, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu. Alivunja migomba, akalala humo humo, akafukuza wanawake kisimani. Siku ya mkutano mzee akalalamika, na mimi kabla sijafikiri nikasimama.

"Baba, mbogo huyo niachieni mimi."

Watu wakapiga makofi. Nikakaa nimeumuka kama andazi. Ndipo nikakumbuka kwamba sina bunduki, na kwamba maisha yangu yote nimepiga gobore la mjomba tu, tena kwa kuwinda ndege kanga.

Kulikuwa na jambo jingine baya zaidi. Mimi ni mashoto. Kwetu kumpa mtu mzima kitu kwa mkono wa kushoto ni tusi. Hapokei. Atakuambia "weka chini", utaweka, ndipo aokote mwenyewe. Mwalimu wangu wa darasa la pili aliufunga mkono wangu wa kushoto kwa kamba ya mgomba mpaka wa kulia ukajua kuandika na kula. Ukweni nilikuwa na mkono mmoja. Ule mwingine niliukalia. Mke wangu alijua, kwa sababu mke huwezi kumficha unavyoshika panga. Baba yake hakujua, na nilikusudia afe bila kujua.

Sasa, bunduki ya mbogo hainunuliwi kama kiberiti. Mwenyekiti wa kijiji aandike barua kwamba unafaa, polisi wapige muhuri, na bwana nyama, yaani yule ofisa wa wanyamapori, aridhike. Bila sahihi ya baba mkwe hakuna bunduki, na bila bunduki mimi ni yule mtu aliyepigiwa makofi ya bure.

Kulikuwa na mzungu mwindaji aliyekuwa akifunga kambi yake karibu na pori la akiba, anauza bunduki mbili. Tukaenda kwa lori langu: mimi, baba mkwe na bwana nyama, na dereva wangu kwenye usukani.

Mzungu akazilaza mezani. Moja ilikuwa bibi harusi: kitako cha mti mwekundu kinang'aa, kimechongwa simba. Ya pili kitako kilipasuka kikafungwa waya wa shaba, mtutu umechubuka kama goti la mchezaji. Lakini komeo lake, kile chuma unachovuta kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine, lilikuwa upande wa kushoto. Mzungu mwenyewe alikuwa mashoto.

"Kipenyo cha zote ni nne-tano-nane," akasema. "Risasi kama kidole gumba. Wewe mkono gani?"

Baba mkwe alikuwa ananitazama.

"Wa kulia," nikasema.

"Angekuwa wa wapi tena?" baba mkwe akamwambia mzungu. "Mkwe wangu mtu wa heshima."

Nikachukua ya simba.

Bwana nyama alikuwa na mtihani wake. Dereva alipanda mlimani na tairi bovu la lori langu, katikati limebanwa boksi la katoni. Atalisukuma, litateremka likikujia, nawe uwe umelipiga boksi mara mbili kabla halijakufikia.

"Mara mbili," akasema. "Kwa mbogo risasi ya kwanza ni salamu."

Tairi likaja. Nikaweka bunduki bega la kulia, nikajaribu kufumba jicho la kushoto, likakataa, yakafumba yote mawili. Risasi ilikwenda mbinguni. Bega likalia. Nikahamisha bunduki kushoto haraka haraka, lakini sasa komeo liko upande wa pili, mkono unavuka juu kulitafuta kama mtu anayejikuna mgongo. Nilipolishika, tairi lilikuwa limeshanilaza.

"Tajiri!" bwana nyama alicheka mpaka akashika magoti. "Umegongwa na tairi lako mwenyewe! Utamshitaki nani?"

Nikiwa chini nikawaza: tairi hili halina pembe.

Mzungu alinisogezea ile ya waya wa shaba. Nikaipokea kwa kushoto, nikaiweka begani kushoto, na nakuambia ilikaa kama mtoto anayemjua mama yake.

"Mkono gani huo?" baba mkwe akauliza.

"Wa kushoto, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa."

Akaukazia macho mkono wangu. Kisha: "Na mahari yangu uliileta kwa mkono gani?"

"Ng'ombe walitembea wenyewe, baba."

"Sisaini!" akafoka. "Kijiji kitasema nimemwoza binti yangu kwa mtu wa kushoto kushoto!"

"Mwenyekiti," bwana nyama akasema, "mwache kwanza apige. Tairi likimgonga tena, hakuna haja ya sahihi."

Tairi likaja mara ya pili. Nikapiga. Komeo nyuma, komeo mbele, bega halikutikisika. Nikapiga tena. Tairi halijui kufa, likanipita likaendelea hadi kwa baba mkwe, naye akaruka kichakani kwa wepesi ambao sikuwahi kuuona kwake. Bwana nyama akachomoa boksi. Matundu mawili, kati yake upana wa kiganja.

Baba mkwe alijitoa miiba, akatazama matundu yale muda mrefu. Naamini alikuwa anaiona migomba yake. Akaomba kalamu, akaandika kwa kujificha, akaikunja barua.

Bomani Biharamulo askari akaisoma kwa sauti: "Anafaa kumiliki bunduki na kuipiga kwa mkono wa kushoto. Ila ukweni ale kwa mkono wa kulia." Akaniangalia. "Sharti hili la pili ni la sheria gani?"

"Ya mwenyekiti, afande."

Akapiga muhuri.

Mbogo nilimkuta asubuhi, kwenye migomba. Ya kwanza ilikuwa salamu kweli. Akanijia. Kama ningekuwa na ile ya simba, hadithi hii ungesimuliwa na mjane wangu. Ya pili ilimwangusha hatua tano kutoka viatu vyangu. Mimi nasema tano. Bwana nyama alipima akasema kumi na moja, lakini yeye hakuwepo.

Nikabeba mguu wa mbogo mpaka ukweni. Kwa furaha nikasahau, nikaunyoosha kwa mkono wenye nguvu.

Baba mkwe akatazama mkono. Akatazama nyama.

"Weka chini," akasema.

Nikaanza kuinama.

"Siyo hapo, wewe. Karibu na sufuria."