Tulivyompa meneja wetu wa kokoa bonasi ya magunia, mpaka lori likageuza tupu

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine mambo vipi.

Nimesoma uzi wa yule jamaa anayeuliza namna ya kupanga bonus ya CEO wake ili kampuni ikue. Mmemjaza formula na KPI za kila aina. Mimi nikaona nifungue uzi wangu, maana hili somo nililipata Kyela, ghalani, mbele za watu.

Siongezi chumvi. Mama yangu ana miaka themanini na kitu, na mjukuu wake humsomea nyuzi za humu. Nikidanganya nitaumbuka nyumbani kwangu.

Ni mrefu kidogo, vumilieni.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeingia, kila kitu ruksa. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya chama chetu cha wakulima wa kokoa, upande wa Ndandalo. Kijana wa miaka ishirini na nane, suruali imepigwa pasi, kichwa kimejaa semina.

Zamani kokoa yetu ilikuwa na njia moja tu ya kwenda. Ruksa ilipokuja, wakaja wanunuzi binafsi na pickup zao, wananunua barabarani chochote kinachofanana na kokoa. Vyama vya jirani vikaanza kufa kimoja kimoja.

Sisi tulibaki hai kwa sababu moja. Tulikuwa na mnunuzi mmoja kutoka Dar aliyetulipa vizuri kuliko hao wa barabarani, kwa sharti kwamba kokoa iwe imevundikwa sawasawa.

Kwa wasiojua: kokoa ukiitoa kwenye ganda huianiki hapo hapo. Unaivundika kwenye sanduku au tenga, unaifunika majani ya migomba, karibu wiki nzima, huku ukiigeuza. Ndipo unaanika. Iliyoiva hivyo ukiikata punje ndani ni kahawia. Iliyorukishwa hatua hiyo ni zambarau, na ladha yake chungu.

Mlinzi wa hilo sharti alikuwa meneja wetu. Nimwite Ambakisye.

Ambakisye alikaa kwenye kigoda pembeni ya mzani, na kisu kidogo cha mpini mweusi alichokifunga kwa uzi kiunoni. Kila gunia likija, anachota punje kumi, anazikata moja moja, anaangalia. Zambarau zikizidi, anakurudishia gunia lako kwa adabu zote na asante ya Kinyakyusa: "Ndaga, mama, nenda kaanze upya." Hakuwa na cha mjumbe wala cha ndugu. Kuna mjumbe wa kamati alirudishiwa gunia mbele ya wake zake wawili, akanuna msimu mzima.

Watu walimlalamikia, lakini lori la Dar lilikuja kila msimu.

Sasa hao wa pickup wakaanza kumnyemelea. Tukasikia wamemwahidi pikipiki. Kamati ikaingiwa na hofu, tukasema huyu akiondoka tumekwisha. Mwenyekiti wetu, mzee mmoja mkulima mkubwa wa mpunga wa Katumba Songwe, akanigeukia: "Katibu, wewe ndiye umesoma. Tuandikie karatasi ya kumtuza huyu mtu, abaki, na chama kikue."

Wakuu, nilijisikia mkubwa ajabu. Nilikuwa nimetoka semina ya siku kumi Mbeya mjini, tumefundishwa motisha, targeti, malipo kwa matokeo. Nikaandika ukurasa mmoja. Mshahara unabaki ulivyo, lakini kwa kila gunia litakalozidi yale ya msimu uliopita, meneja anapata fungu lake.

Hapa niwaambie kitu kuhusu sisi watu wa Kyela. Damu yetu ni ya mpunga. Kwenye mpunga ukitaka kujua mtu kavuna vipi, unamuuliza gunia ngapi, basi. Hakuna swali la pili. Kamati nzima ilikuwa ya watu wa mpunga waliopanda kokoa baadaye, na tuliipigia hesabu kokoa kwa akili ya mpunga. Walipoisoma ile karatasi walipiga makofi.

Siku ya kusaini, Ambakisye aliisoma mara mbili. Kisha akakishika kile kisu akaniuliza, "Na hili la kukata, bwana katibu? Silioni humu."

Nikacheka. Nikamjibu, "Hilo si kawaida yako, meneja? Haliandikwi."

Akasaini.

Msimu ukaanza, na mambo yakawa moto. Magunia yakaingia kwa fujo. Kila nikipita ghalani nakuta rundo limepanda, mpaka likafika kwenye kenchi za paa. Mwenyekiti alikuwa anasimama mlangoni anatabasamu peke yake. Ambakisye akapata fungu lake la kwanza, akabadilisha bati za nyumba yake. Mimi nikawa natembea kifua mbele. Nikakutana na mwalimu wangu wa zamani sokoni Lyulilo, nikamweleza mpango wangu mwanzo mwisho, yeye anataka anunue samaki wake aende zake nyumbani.

Sikuwahi kukaa pale kwenye mzani nikaangalia kinachofanyika. Hata siku moja. Nilikuwa nahesabu rundo tu.

Siku lori la Dar lilipofika, wanachama walijaa. Kina mama wamevaa kanga mpya. Mkaguzi wa mnunuzi alishuka, mtu mpole, akatusalimia wote, akaingia ghalani. Akatumbukiza mkono kwenye gunia la kwanza. Akautoa haraka, akatuangalia.

Nami nikatumbukiza wangu. Wakuu, ndani kulikuwa na joto na unyevu. Kokoa kavu haina joto.

Akatoa kisu chake, akakata punje. Zambarau. Nyingine. Zambarau. Gunia la pili, la tatu, la kutoka katikati ya rundo. Zambarau tupu, mengine na ukungu juu. Nilishtuka mpaka masikio yakaziba. Naona midomo ya watu inacheza, sisikii kitu.

Kumbe bado. Akavuta gunia lingine, na kila gunia lilikuwa limepakwa namba ya mwanachama kwa rangi. Namba kumi na saba.

Kumi na saba ni mama yangu.

Ni nyumbani kwa mama yangu ambako Ambakisye alikuwa anawapeleka wanachama wapya wakajifunze kuvundika. Mwanamke aliyekuwa anaamka usiku kuiangalia kokoa yake kama mgonjwa. Mkaguzi akakata. Zambarau.

Nikamtafuta kwa macho, alikuwa kasimama mlangoni. Nikamfuata. "Mama, hata wewe?"

Hakuinamisha uso hata kidogo. "Mwanangu, Ambakisye hakati tena. Jirani yangu analeta yenye maji, mzani unaisoma nzito kuliko yangu, analipwa kunizidi. Mimi nivundike wiki nzima kwa ajili ya nani?"

Nikageuka kumtazama mkaguzi.

Mkaguzi alifunga kisu chake, akaomba radhi, kweli kabisa yeye ndiye aliyeomba radhi, akamwambia dereva awashe. Lori likageuza pale uwanjani likiwa tupu. Lilikuwa jipya, halikupiga kelele nyingi, na watu walilisindikiza kwa macho mpaka lilipopotea kwenye migomba.

Halafu kelele zikaanza. Wakamzunguka Ambakisye. Mwizi, msaliti, bati zako hizo! Mwenyekiti mwenyewe alikuwa anamnyooshea kidole. Na mimi, nitasema ukweli, nilikuwa naomba kimoyomoyo kelele ziendelee kumwelekea yeye.

Ambakisye alisubiri mpaka wakachoka. Akatoa ile karatasi mfukoni, akaisoma kwa sauti, yote, pamoja na sahihi yangu mwishoni. Akauliza, "Kuna mahali nimeiba?"

Mwenyekiti akaipokea karatasi, akaisoma mwenyewe, akamrudishia.

"Nikikata, nusu ya magunia yanarudi na yanaishia kwenye pickup. Mlisema mnalipia magunia. Nimewaletea magunia."

Kisha akafungua uzi kiunoni, akanijia, akaniwekea kile kisu mkononi. Nilikitazama. Kilikuwa na kutu.

"Nilikuuliza, bwana katibu," akasema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

Ile kokoa tuliwauzia hao hao wa pickup kwa bei ya kutupa. Msimu uliofuata niliandika karatasi nyingine, nzuri tu: nusu ya tuzo kwa magunia, nusu isubiri mpaka mnunuzi akate na akubali. Lakini mnunuzi hakurudi tena, na Ambakisye alishavuka mto Songwe kwenda kwa shemeji zake upande wa Malawi kulima mpunga. Chama kilijikokota miaka miwili kikafa. Lile ghala sasa linahifadhi mpunga, na linajaa hadi kwenye kenchi.

Mama alirudi kuvundika peke yake, akawa anauza kidogo kidogo kwa hao wa barabarani kwa bei ileile ya zambarau. Nikimuuliza kwa nini anajisumbua, ananiambia nisimpangie kazi tena.

Baadaye maisha yalinipeleka Dar, na kwa muda mrefu nimekaa kwenye vikao vya kupanga malipo ya wakubwa. Nilichojifunza ni hiki: bosi wako atakuletea kile ulichokilipia, hata akiwa mtu mwema. Tena huyo mwema ndiye hatari, kwa sababu hutamchunga. Ile kazi inayokubeba, ambayo unaiona ni tabia yake tu, ndiyo ya kuandika kwanza kwenye karatasi.

Na usiwasahau walio chini yake. Nilidhani nampangia mtu mmoja, kumbe nilimpangia mpaka mama yangu.

Haya wakuu, mlioko kwenye bodi na kamati, semeni. Ni kitu gani kwenu kinafanyika vizuri na hakijaandikwa popote? Wa kunitukana pia karibuni, nimeshazoea.

Kisu bado ninacho, kipo kwenye droo ya meza yangu. Nimewahi kukinoa mara moja, mama alipokuja kunitembelea. Akakichukua, akakigeuza geuza, akaniambia, "Mwenye kisu hiki alikuuliza vizuri kabisa."