Fundi: Hajulikani

Asubuhi ile nilifunga chumba nilichopanga mtaa wa Mfaranyaki, Songea, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo, nikaondoka. Sikuwa na safari. Ndivyo nilivyokuwa tangu nilipoacha shule darasa la sita: miguu ikiniwasha naondoka, na ninakokwenda nitakujua nikifika. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa kwa kila mtu. Maghala ya ushirika yalibaki na popo, malori ya watu binafsi yalizunguka vijijini kununua mahindi, na sokoni Songea ndoo za plastiki zilipangwa mpaka barabarani, nyekundu na za buluu, mitungi ya udongo imesukumwa nyuma karibu na choo.

Kwenye barabara ya Peramiho nilimkuta kijana wa umri wangu amekalia begi kubwa, kinasa sauti kimening'inia shingoni.

"Kaka, unajua Kingoni?"

"Cha bibi yangu."

"Kinatosha. Twende Maposeni ukanitafsirie."

Nikapanda naye lori la mahindi. Akaniambia yeye ni mwanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam, anaandika tasnifu ya shahada ya pili juu ya sanaa ya ufinyanzi. Sikuwahi kukutana na mtu aliyetoka mbali namna ile kuja kutazama vyungu, badala ya kuja kuvinunua au kuvicheka. Nilimpenda hapo hapo. Nilimuuliza maswali mengi mpaka akacheka.

"Wewe ndiye ungepaswa kuwa na hojaji."

"Hojaji ni nini?"

Akanionyesha. Karatasi zenye maswali yaliyokwisha kuandikwa Dar es Salaam, na mbele ya kila swali nafasi ya jibu. Jina la fundi lilipewa mstari mmoja. Maana ya nakshi ilipewa kisanduku.

"Na jibu likizidi kisanduku?"

"Nalipunguza."

Nilidhani anatania.

Maposeni tulielekezwa kwa bibi mmoja, mjane, aliyekuwa akipukuchua mahindi barazani. Tukamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba wajukuu zangu, akatuvutia kigoda kimoja na gunia moja. Aliposikia tumefuata nini, aliingia ndani, akaniita nimsaidie, tukautoa mtungi wa pombe, mkubwa kuliko mikono yangu ilivyoweza kuukumbatia. Ulikuwa mweusi kwa moshi, shingo fupi, na begani umezungushiwa safu tatu za alama za ukucha. Kila alama imelala kushoto, kama majani yaliyopigwa na upepo mmoja. Mwanafunzi alipiga magoti mavumbini na suruali yake safi. Aliupima, akaupiga picha, akaugonga kwa kidole akasikiliza. Hapo nilimpenda tena, na nasema hivyo ili ijulikane kwamba sikuanza na hasira.

Kisha yakaanza maswali.

"Muulize, nakshi hizi zimelalia upande mmoja. Je, si ishara ya safari ya Wangoni kutoka kusini?"

Nikatafsiri. Bibi akamtazama, akanitazama mimi.

"Kwani yeye anaonaje?"

"Yeye anaona hivyo."

"Ametoka mbali, maskini. Mwambie labda."

Nikasema labda. Mwanafunzi akaweka alama kwenye ndiyo.

"Amesema labda," nikamwambia.

"Hapa kuna ndiyo na hapana tu, kaka."

Akaendelea. Nani aliufinyanga mtungi huu? Bibi akanyamaza. Aliinamisha kichwa, akachora ardhi kwa kidole cha mguu.

"Wa humu humu ndani," alisema.

"Jina lake?"

"Aliyekuwa humu kabla yangu."

Mwanafunzi akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba Kiswahili kikipandishwa sauti kinageuka Kingoni. Bibi akarudi kwenye mahindi yake. Kinasa sauti kilizunguka kikinasa punje zinazodondoka kwenye ungo. Mwanafunzi akaandika.

Msimamizi wake chuoni alikuwa amemfundisha kwamba mtafiti mzuri humsomea mtu majibu yake kabla ya kuondoka. Ni mafundisho mazuri, sina neno nayo. Alinisomea, nami nikatafsiri moja moja, mpaka nikafika kwenye mstari wa jina. Pale paliandikwa: Fundi, hajulikani. Nikatafsiri kama palivyoandikwa.

Bibi alisimama, mahindi yakamwagika.

"Hajulikani? Nani hajulikani? Aliyenipokea mimi hapo mlangoni na mkeka wangu kichwani? Aliyenionyesha ugali wa nyumba hii unasongwa namna gani? Watu wamekunywa pombe kwenye kazi ya mikono yake, wamelewa, wamepigana, wamepatanishwa, na pombe haijaisha. Hajulikani na nani? Muulize, hajulikani na nani?"

"Anasemaje?" mwanafunzi akauliza.

"Anasema anajulikana."

"Basi amtaje."

"Hawezi. Ni mama mkwe wake."

Nilimweleza. Kwetu mkamwana halitaji jina la mama mkwe, akiwa hai au akiwa kaburini. Hata likitokea katika neno la kawaida atatafuta neno jingine. Mama yangu alimwita bibi yangu "mwenye nyumba" mpaka siku ya kumzika. Kunyamaza kwa bibi huyu ndiko kulikokuwa jibu, tena kubwa, na mtu aliyelelewa katika nyumba kama hizo angelisikia. Sikio lililotengenezwa kwa hojaji lilisikia kwamba hajui.

Jirani mmoja alikuwa amefika, amevutwa na kelele, mwanamke mnene mcheshi mwenye kanga mbili. Mwanafunzi akamgeukia.

"Wewe mama si mkwe wa hapa. Unalijua jina?"

"Mimi? Nilimkuta mzee tayari. Tulimwita Mama Vyungu. Ukitaka jina la kuzaliwa, baba, umechelewa kuja. Ulikuwa wapi?" Akacheka, akampiga mwanafunzi begani. "Kaulize parokiani, si walimbatiza."

"Hilo la parokiani!" bibi akasema. "Alipewa na sista akiwa hajitambui kitandani. Hakuna hata kibakuli alichofinyanga kwa jina hilo." Kisha akanigeukia mimi, siyo mwanafunzi. "Wifi yangu yuko Lusewa. Binti wa kumzaa wa marehemu. Yeye mdomo wake haujafungwa."

Mwanafunzi akatazama saa.

Njiani tuligombana. Nilimwambia afute. Futa, acha mstari wazi, twende Lusewa tukalisikie jina. Akasema hana muda, Lusewa ni mbali, tena huko si eneo la utafiti wake. Akasema msimamizi atamuuliza juu ya mitindo, hatamuuliza majina.

"Halafu sikiliza, kaka. Sanaa ya asili ni ya jamii nzima. Haina mwenyewe."

Hapo ndipo damu ilinipanda. Siku za mvua, nilipokuwa sina kazi, nilikuwa naingia maktaba ya mkoa, na humo mlikuwa na kitabu kizito cha picha za wachoraji wa Ulaya, kimeletwa kama msaada. Nilikisoma picha kwa picha, na kamusi pembeni. Kila picha ilikuwa na mtu wake. Alizaliwa wapi, alifundishwa na nani, aligombana na nani, hata meno gani yalimsumbua alipokuwa anapaka rangi ya anga. Palipokuwa na picha isiyojulikana ni ya nani, wasomi walibishana kurasa nne kumtafuta mwenyewe kwa jinsi alivyochora masikio. Mwisho wa kitabu palikuwa na vinyago vya kwetu, kurasa mbili. Chini ya kila kimoja: jina la kabila, na fundi hajulikani. Niliposoma mara ya kwanza niliona huruma, nikadhani wale watu walikufa bila kuacha habari. Siku ile njiani nilielewa zinavyotengenezwa habari za namna hiyo. Mtu anajulikana nyumbani kwake, mwenye kalamu anakuja na saa mkononi, anaondoka, na huyo mtu hajulikani tena.

"Na kule Ulaya," nikamwambia, "jamii nzima haikupaka rangi? Mbona wao wana wenyewe?"

Akacheka, siyo kwa ubaya.

"Wewe ungesoma, ungefika mbali."

"Ungesikiliza, ungefika Lusewa."

Alihamishia begi lake bega la pili. Nadhani nilimgusa, maana alisimama akasema, "Basi. Ukilipata hilo jina kabla sijaondoka Songea, nitaliweka kwenye tanbihi."

"Tanbihi ni nini?"

Akaeleza. Maneno ya herufi ndogo, chini kabisa ya ukurasa, na kinamba kidogo juu kinachokuonyesha uyatafute. Maandishi makubwa yangebaki yalivyo: hajulikani. Anayejulikana angekaa chini, karibu na miguu ya msomaji.

"Kwa nini usiandike pale pale?"

"Jedwali limekwisha kukubaliwa na msimamizi."

Alipanda lori la kurudi mjini. Mimi nilirudi kwa bibi kumwambia. Nilimkuta amekaa karibu na mtungi, hajaurudisha ndani.

"Mjukuu wangu," alisema, "mimi nimelinyamazia jina lile tangu nilipoolewa. Ni heshima. Sikuwahi kukosea, hata na homa. Leo heshima yangu imemfanya asijulikane." Akaupangusa mtungi kwa ncha ya kanga, pale mwanafunzi alipogonga. "Kama huyo hataki kwenda, nenda wewe. Liandikwe mahali. Mimi sitaliona, wala sitaki mtu anisomee. Lakini liwepo."

Mtu aliyetoka nyumbani asubuhi bila kujua anakwenda wapi hana sababu ya kukataa. Nililala barazani kwake, na alfajiri nikarudi mjini, nikapata lori la mfanyabiashara wa mahindi lililokuwa linakwenda Namtumbo tupu. Nilikaa nyuma na maturubai. Njia nzima niligombana na mwanafunzi ambaye hakuwepo, nikapata majibu mazuri yote ambayo sikuyapata jana yake. Baada ya Namtumbo nilidandia baiskeli ya muuza samaki wakavu, akinibeba tambarare na mimi nikisukuma milimani, na sehemu ya mwisho nilitembea. Sikuwa nimewahi kufika Lusewa kabla ya siku ile. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, watu wakirudi mashambani na majembe begani, na kila niliyemuuliza alinielekeza kwa kidevu.

Wifi wa bibi alikuwa mzee mwenye macho ya kucheka, ameolewa katika nyumba ya Waislamu, kanga ya kichwani imefungwa vizuri. Alikuwa anatwanga. Nilimwamkia, nikaeleza nimetoka kwa wifi yake, hakuna msiba, hakuna mgonjwa.

"Alhamdulillahi. Kama hakuna msiba, umefuata nini?"

"Jina la marehemu mama."

Aliuacha mchi kwenye kinu. "Ndilo lililokutoa Maposeni?"

"Ndilo."

Akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akalitaja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja jina la mtaa. Na kutoka nyuma ya nyumba sauti ya msichana ikaitika:

"Abee, bibi!"

"Sikukuita wewe, namwita mwenzio!" Akanigeukia. "Mjukuu wangu. Amerithi."

Sijui kama naweza kueleza nilivyoghadhibika wakati ule, nikiwa nacheka. Jina lililoandikwa kwamba hakuna anayelijua lilikuwa linaitwa kila siku uwanjani pale, lipeleke maji, lifunge kuku, lisichelewe kisimani.

Nilimuuliza juu ya zile alama. Mbona zote zimelala kushoto?

"Mama alikuwa mwenye mkono wa kushoto. Zingelala wapi?"

Nikamweleza pia habari ya tanbihi, kwa uaminifu, bila kuongeza chumvi.

"Chini wapi?"

"Chini ya ukurasa. Kwa herufi ndogo."

"Na juu pameandikwaje?"

"Hajulikani."

Alichukua mchi, akatwanga kidogo, akaacha tena. "Mwambie aandike pale juu, au aache."

Nilimfikishia mwanafunzi maneno hayo kama yalivyo. Nilimkuta stendi ya Songea, mguu mmoja umeshapanda basi. Akachagua kuacha. Miaka kadhaa baadaye niliiona tasnifu yenyewe, jalada jeusi lenye herufi za dhahabu. Mtungi umo, picha nzuri, vipimo sahihi. Nakshi imeelezwa kuwa kumbukumbu ya safari ya kutoka kusini, kama wahojiwa walivyothibitisha. Fundi hajulikani. Katika shukrani ameshukuru chuo, msimamizi, wafadhili, na mkalimani wa mahali pale. Wala mimi silitaji jina hapa, kwa sababu nyumba ile bado ina wakamwana, na kitabu cha namna hii huweza kusomwa kwa sauti barazani. Tasnifu haisomwi kwa sauti na mtu. Pale ndipo palipokuwa mahali pake, na pale ndipo lilipokosekana.

Lakini jioni ile sikuwa najua bado kwamba ataacha. Niliaga nikatafute pa kulala. Mama yule akaniuliza ninamjua nani Lusewa zaidi yake. Nikasema simjui mtu.

"Basi ingia. Bismillahi, nawa mikono."

Tukala ugali na majani ya maboga yaliyoungwa karanga. Kisha nikaonyeshwa chumba cha uani, kitanda cha kamba, blanketi, na kwenye kona mtungi mdogo wa maji umefunikwa na sahani ya bati. Mwanga ulikuwa bado unaingia mlangoni. Niliinama kuchota, nikaacha, nikaupitisha mkono begani mwa mtungi. Alama za ukucha, safu tatu, zote zimelala kushoto. Sikuhitaji mtu aniambie ni wa nani. Nje walikuwa wanaliita jina lile tena, lilete kuni.