Kitenge cha Mama wa Butembo

Leo jamani nimefokewa Bwera, huku Uganda mpakani na Kongo, mbele ya baa nzima!

Nilikuwa naimba ule wimbo wa Kifaransa wa mwanamke aliyeachwa, ila mimi nimeugeuza Kiingereza.

Mama mmoja, mchuuzi wa Butembo, ng'ambo Kongo, akasimama. "We mutoto, unaharibu wimbo yetu! Imba Kifaransa!"

Mpiga gitaa wangu akaacha kupiga. Woga huo!

Mimi nikaendelea peke yangu.

Mama akaja mpaka mbele. Nikajua sasa ananishusha jukwaani.

Kumbe! Akafungua kitenge chake cha juu, akakitandika miguuni pangu, kama wanavyomtunza mwimbaji kwao, aimbe amesimama juu yake. Machozi yanamtoka.

"Maneno ya Kiingereza sisikii. Lakini bwana yangu aliniacha vile vile. Rudilia, kwa Kifaransa."

Mngefanyaje nyinyi?

Nikakanyaga kitenge, nikarudia.

Kwa Kiingereza.