Timu Iliyorudishwa Njiani

Nilimjua dada, kama nilivyozoea kumwita, katika chuo cha ufundi cha walemavu pale Voi, mwaka nilioshushwa kutoka Chawia kwenda kujifunza cherehani. Kwetu mlimani mtu wa magongo hana njia. Polio ilinipata kabla sijajua kutembea vizuri, na hata nilipokuwa msichana mkubwa mama alikuwa bado akinibeba mgongoni kwenda kanisani, miguu yangu ikining'inia karibu na magoti yake. Dada alikuwa mtu mzima, mjane, mama wa binti mmoja aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Himo. Kwao kulikuwa Mata, upande wa Taveta. Alikuwa mfanyabiashara. Alinunua ndizi na vitunguu mashambani, akavivusha mpaka, akarudi na mchele na leso. Siku moja lori alilopanda, yeye amekaa juu ya mikungu, lilipinduka kwenye barabara ya vumbi kabla ya Mwatate. Wenzake walisimama wakajipangusa. Yeye alijaribu kuinuka akashindwa. Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika, na kutoka kiunoni kushuka hakuhisi kitu tena.

Jioni ya kwanza tuliyokaa pamoja bwenini aliniuliza, "Mdogo wangu, hiyo miguu yako hukuuma?"

"Wakati wa baridi huuma sana, dada."

"Basi mshukuru Mungu. Mimi ukinichoma mwiba sijui mpaka nione damu."

Ndiyo maana alikuwa na desturi moja ambayo mwanzoni sikuielewa. Akiwa kitini, kila baada ya kitambo alishika mikono ya kiti chake cha magurudumu, akajiinua hewani kwa nguvu za mabega, akakaa hivyo kidogo, kisha akajishusha polepole. Daktari wa Mombasa alikuwa amemfundisha. Nyama ikikandamizwa muda mrefu bila kuhisi, hufa, na kidonda kinaanzia ndani kabla hakijaonekana nje. Alijiinua akishona, akila, akibishana na watu. Mabega yake yalikuwa mapana kama ya mpagazi wa stesheni.

Mabega hayo ndiyo yaliyomfanya mwalimu wetu afikirie michezo. Alikuwa kijana mpole kutoka bara, aliyeletwa kufundisha useremala, na alikuwa amesikia redioni kwamba walemavu wa dunia nzima hukutana kila baada ya miaka minne kushindana. Alianza na mimi, akanichongea mkuki wa mti. Dada alipoona naurusha, akasema yeye hataki fimbo, anataka kitu kizito. Akapewa kisahani cha kurusha, cha mbao kwanza, chenye bati pembeni.

Uwanja wetu ulikuwa kipande cha udongo mwekundu ng'ambo ya reli. Miiba ilitoboa matairi ya viti karibu kila siku, na fundi wa baiskeli aliyekuwa jirani alituziba huku akituuliza kama hatuna kazi nyingine ya kufanya. Ili kiti kisirudi nyuma mtu akirusha, mwalimu alipigilia vigingi vinne ardhini na kukifunga kwa kamba za katani. Dada akishafungwa hivyo aliinamisha kichwa, kisha akageuza kiwiliwili chake chote na kuachia. Kisahani kilikuwa kikienda mbali kiasi kwamba mwalimu alichoka kukifuata, akaomba wachungaji wa mbuzi wamrudishie. Nami nilifurahi kila nilipomwona. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamke asiyetembea akiogopewa kwa nguvu.

Tulikwenda Nairobi kwenye mashindano ya kuchagua timu ya taifa, na sote wawili tukachukuliwa. Yeye kisahani, mimi mkuki, na mwalimu akaruhusiwa kusafiri nasi. Kanisani kwetu waliniombea. Binti yake alikuja kwa treni kutoka upande wa Taveta, mimba ikiwa bado changa, akamletea mama yake leso mpya ya kufunikia miguu ndani ya ndege.

Tulipewa makoti ya timu yenye nembo ya taifa kifuani. Dada alilivaa lake siku hiyo hiyo, kwenye joto la Voi, na alikataa kulivua mpaka jioni.

Siku ya kuondoka niligundua kwamba hanywi maji. Nilimletea kikombe cha chai uwanja wa ndege akakigeuzia uso.

"Dada, safari ni ndefu."

"Ndiyo sababu. Choo cha ndege nitakwendaje? Nibebwe na wanaume mbele ya watu? Hapana. Nitakunywa tukifika."

Tulishuka Ulaya, katika nchi moja ambako timu yetu ilikuwa ipumzike na kufanya mazoezi ya mwisho kabla ya kupanda ndege ya pili kwenda kwenye michezo yenyewe. Tulikaa katika hospitali ya watu waliovunjika uti wa mgongo, yenye uwanja wake wa michezo nyuma. Nyasi zilikuwa zimekatwa sawasawa kama zulia. Kulikuwa na wanawake wazungu katika viti vyepesi, wakizunguka na kucheka, na mmoja wao, aliyevunjika mgongo kama dada, alimwonyesha kwa ishara jinsi ya kuhamia kitandani bila kubebwa na mtu. Dada alijaribu, akaanguka, akajaribu tena. Alipofaulu alikaa kitandani akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Kwa siku chache zile alikuwa mtu niliyekuwa bado sijakutana naye. Alikunywa maji. Alikula. Daktari mmoja alimpa mto mnene wa sponji wa kukalia, akamwambia asikae bila huo maisha yake yote. Na katika mazoezi, kiti kikiwa kimefungwa kwa minyororo badala ya katani, alirusha kuliko alivyowahi kurusha Voi. Mwalimu alikimbia mpaka kilipoangukia, akasimama pale ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nangoja zamu yangu. Dada alinigeukia akasema kwa sauti ya chini, "Umeona? Na hapa bado hakuna watu."

Asubuhi iliyofuata kiongozi wa msafara alituita katika ukumbi wa kulia chakula. Alikuwa amesimama, na sisi sote tumekaa, na nakumbuka alitafuta kiti akakaa naye kabla ya kusema.

"Tumeagizwa kurudi nyumbani," alisema. "Afrika Kusini wamepeleka timu. Serikali yetu imeamua hatutashindana mahali walipo. Na nchi nyingine zinajitoa pia."

Mwanamume mmoja wa Kisumu, kipofu, mkimbiaji, aliuliza kama anaweza kuambiwa tena, pengine hakusikia vizuri. Kiongozi akarudia maneno yale yale. Kisha akaeleza habari ambazo sote tulikuwa tumezisikia redioni mwaka huo, jinsi watoto wa shule walivyopigwa risasi kule kusini barabarani, na jinsi Mwafrika kule alivyokuwa hana haki hata ya kukaa kwenye benchi.

Dada aliinua mkono kama mwanafunzi. "Mimi nimezaa," alisema. "Wale watoto niliwalilia kabla sijaambiwa niwalilie. Nikiulizwa, nitasema tusikae meza moja na waliowaua. Lakini hakuna aliyeniuliza, mzee. Ningeulizwa, ningekataa mwenyewe, na ningerudi nyumbani kama mtu aliyekataa."

Kiongozi aliinamisha macho. "Ni kweli, mama," alisema. "Hata mimi sikuulizwa."

Mpaka leo nikiyafikiria yale siwezi kusema serikali ilikosea. Ilikuwa haki. Ila haki ile ilitufikia tukiwa tayari tumevaa makoti.

Ndege ya kurudi ilikuwa na watu wengi na wafanyakazi wenye haraka. Viti vyetu na mizigo yote ilipelekwa chini, na mto wa sponji ukaenda nao. Mwalimu aliuomba, akaambiwa milango ya mizigo imeshafungwa. Dada alijifunika leso ya binti yake, akaegemeza kichwa dirishani. Nilikaa karibu naye njia nzima na sikumwona akijiinua.

"Dada, jiinue kidogo."

"Nimechoka."

"Nikusaidie basi."

"Niache, mdogo wangu. Nimechoka tu. Nitajiinua."

Nilimsukuma upande kwa bega langu, lakini mikono yangu mimi ni ya kurusha mkuki, si ya kuinua mtu mzima ndani ya kiti chembamba. Mwalimu alikuja mara mbili tatu kumgeuza. Maji hakunywa. Tulipofika Nairobi hapakuwa na mtu wa kutupokea isipokuwa dereva, na safari ya Voi tuliifanya ndani ya lori la serikali, tumekalia mabenchi ya mbao, mto ukiwa bado kwenye mizigo.

Matroni wa chuo ndiye aliyekiona kidonda alipokuwa akimwogesha. Kilikuwa kidogo wakati huo, duara jeusi kwenye nyama ya kukalia. Walimlaza kifudifudi wiki nyingi. Kilionekana kupona, kisha kikafunguka kwa ndani, kikafika kwenye mfupa. Figo nazo zikaanza kusumbua. Hospitali ilimtibu ikamruhusu, ikamlaza tena, ikamruhusu tena, na mwishoni yeye mwenyewe aliomba apelekwe kwao Mata.

Binti yake alikuja kumtunza mwezi mzima, tumbo likiwa limeshakuwa kubwa. Ulipokaribia wakati wa kujifungua alivuka kurudi kwa mumewe Himo, akaahidi kurudi na mtoto. Alijifungua salama. Kisha, mapema mwaka uliofuata, mpaka ukafungwa. Nchi zile mbili zilikuwa zimegombana juu ya mambo ya jumuiya, ya ndege na reli, na watu waliozoea kuvuka na kapu la ndizi asubuhi na kurudi adhuhuri wakakuta askari na kizuizi. Wanaume walipita vichakani. Lakini mama mwenye kichanga mikononi, ambaye mumewe anaogopa asije akakamatwa, hapiti vichakani.

Niliposikia amezidiwa nilipanda treni ya Taveta. Wapagazi walinipandisha behewani kwa kunishika makwapa. Mata nilifikishwa kwa mkokoteni wa punda. Nilimkuta amelazwa kwa ubavu katika chumba cha dada yake mkubwa, dirisha limefunguliwa na udi umewashwa ili kuzuia harufu. Amekonda. Mabega tu ndiyo yaliyobaki ya yule niliyemjua, na hata hayo yalikuwa kama ya kuazimwa.

"Umekuja peke yako?" aliuliza.

"Nimekuja peke yangu."

"Mlimani kwenu hamjambo?"

"Hatujambo, dada."

Akaniuliza kama bado nafanya mazoezi. Nikamwambia ndiyo, mwalimu bado ananifungia kiti jioni. Akataka kujua kama vigingi ni vilevile. Nikamwambia kimoja kimeliwa na mchwa.

"Mimi sikutaka medali," alisema. "Usifikiri nilitaka kuvishwa kitu shingoni. Nilitaka kurusha mara moja tu mbele ya watu wasionijua. Hapa kila mtu anajua nilianguka kwenye lori. Akinitazama, analiona lori. Kule wangeona kisahani kinakwenda, basi."

Nikamshika mkono. Akasema nimbane zaidi, mkono ndio unaosikia.

Siku alizobaki nazo alimtaja binti yake mara nyingi. Alitaka kujua kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Salamu zilizovuka kupitia wachuuzi zilikuwa zimechanganyikiwa, wengine wakisema hivi na wengine vile. Alifariki baada ya sala ya alfajiri bila kujua. Wanawake walimwosha, na dada yake mkubwa alinikaribisha ndani, mimi Mkristo, nikae nao. Nilikaa mlangoni. Alizikwa siku hiyo hiyo. Himo siyo mbali. Siku ya anga safi unaona miti ya upande ule. Binti alipata habari mama yake akiwa ameshakaa kaburini wiki nzima na zaidi.

Ilipofika michezo mingine ya miaka minne, timu iliitwa tena nami nikaitwa. Safari hii tulifika. Nilirusha mkuki mbele ya watu wengi, na nilikuwa miongoni mwa wa mwisho. Sikuona haya. Baada ya kufunguliwa kiti nilibaki pembeni ya uwanja nikiwatazama wanawake wa kisahani, mmoja baada ya mwingine, na wenzangu walidhani nalia kwa kushindwa. Wakanifariji kwa hilo, nami nikawaacha wanifariji.

Mpaka ulipofunguliwa, baada ya miaka mingi, binti yake alikuja dukani kwangu Voi, ambapo nilikuwa nashona sare za shule. Nilimtambua kwa mabega. Alikuwa na msichana wa shule ya msingi aliyenisalimu "Shikamoo, bibi" na kujificha nyuma yake.

"Basi alikuwa wa kike," nilisema.

"Ndiyo, mama. Nilimpa jina la bibi yake."

Tulikwenda Mata pamoja, sisi watatu. Kaburi lilikuwa ng'ambo ya shamba la pamba lililotoka kulimwa, matuta mapya, na magongo yangu yalizama. Nilijaribu kidogo nikasimama. Binti akasema nisijisumbue, wao watafika. Nikakaa kwenye jiwe kando ya njia, nikawatazama wakivuka matuta, mama ameshika mkono wa mtoto. Walipofika walichuchumaa. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka kwangu kwenda kwao, kwa hiyo sikusikia walichomwambia. Walikaa muda mrefu. Jua lilipokuwa kali mtoto alirudi peke yake, akaniuliza kama nina maji ya kunywa, nikampa.