Mto Uliomrudisha Bibi Mwantumu Kwao

Bibi Mwantumu Mhina alizaliwa ng'ambo, upande wa Handeni, akaolewa huku kwetu, upande wa Korogwe. Katikati ulipita mto, na hapa kwetu mto ndio uliokuwa mpaka wa wilaya. Enzi za mkoloni maji hayo ndiyo yaliyoamua nani alipe kodi wapi, na baada ya Uhuru yakaamua nani apige kura wapi. Basi miaka yote ya ndoa yake mawifi walimwita mtu wa ng'ambo. Chumvi ikizidi kwenye mboga ya mchunga, huo ni upishi wa ng'ambo. Mtoto akichelewa kutembea, hiyo ni miguu ya ng'ambo. Yeye alicheka tu. Jioni akimaliza kazi alikaa ukingoni akitazama moshi wa jikoni kwa mama yake.

Mumewe, Mzee Zaidi, aliogopa maji kuliko paka. Na huyo huyo, kila Idi, alipanda mtumbwi na mkewe kwenda kuwasalimia wakwe, macho ameyafumba, mikono miwili imeng'ang'ania kingo za mtumbwi. Mapenzi yanayozidi hayo siyajui, na anayeyajua aje anielekeze.

Mimi ni mtani wake. Babu yangu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge. Mashamba yalipofifia akabaki kulima mahindi, na Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu zamani. Maana yake naweza kumchokoza Bibi Mwantumu asubuhi na jioni, naye hana ruhusa ya kununa. Msibani kwao, mleta fujo ni mimi. Mzee Zaidi alipofariki, jeneza likitaka kutolewa, nililala kifudifudi kizingitini nikasema hatoki mtu mpaka nilipwe ada ya utani. Waombolezaji wengine walikasirika, wengine wakaficha vicheko. Bibi Mwantumu, macho yamevimba, akachukua jogoo akanitupia mgongoni.

"Chukua, mroho wewe! Mwache mume wangu aende."

Akacheka huku analia, ndipo nikainuka. Kazi ya mtani ni hiyo, kumkumbusha mfiwa kwamba bado ana meno.

Tulimzika mwisho wa shamba lake, upande wa kaskazini, nikachomeka mche wa mbono kichwani mwa kaburi kama desturi yetu ilivyo. Ila mbono ndio huo huo tunaoupanda mipakani mwa mashamba, na mbono wa mpaka wake ulikuwa hatua chache tu kutoka hapo.

Masika ya mwaka juzi mto ukahama. Ulipasua njia mpya nyuma yetu, ukapita kaskazini mwa shamba la Zaidi na kukiacha kitongoji chetu chote upande wa pili. Karatasi za wilaya zinasema sisi ni wa Korogwe, maji yanasema ni wa Handeni. Zahanati ikawa ng'ambo, shule ng'ambo, ofisi ya kijiji ng'ambo. Wote tulishika tama isipokuwa mmoja.

"Nimerudi kwetu bila talaka!" Bibi Mwantumu alitangaza kila alikopita.

Serikali ya kijiji ikatupimia viwanja mlimani, ng'ambo ya mto mpya, ikatutaka tuhame kabla ya masika mengine. Mwenyekiti wa kitongoji ni mimi, kwa hiyo kazi ya kuwasukuma watu ikaniangukia. Kaya zote zikahama, akabaki yeye. Binti yake Husna alimbembeleza mpaka sauti ikamkauka.

"Siwezi kumwacha baba yenu peke yake," ndilo lilikuwa jibu lake, na kila asubuhi alikwenda kuumwagilia ule mbono.

Hapo ndipo penye mwiba. Mbono aliokuwa akiumwagilia ulikuwa wa mpaka. Kaburi lilikwenda na maji siku ile mto ulipopasua njia. Kitongoji kizima tulijua, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Husna akanijia nyumbani. "Mjomba Richard, wewe ndiye mtani wake. Mwambie wewe. Asipohama, maji yatamchukua na yeye."

Nilimkuta shambani na kindoo chake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mnyamwezi. Umefuata ugali wa bada?"

"Nimekuja kuangalia kama umekufa, nirithi sufuria."

Akacheka. Nikachuchumaa karibu yake, nikakohoa, nikajikuna, nikaanza. "Bibi, huu mbono..."

"Ni wa mpaka," akasema, wala hakuacha kumwagilia. "Mnadhani sijui? Ule wa kaburi uliinamia mashariki. Niliwaona mnavyohangaika kunificha, nikawaacha mfiche. Zaidi wangu, mwoga wa maji yule! Kila Idi alivuka kwa ajili yangu. Safari hii kavuka peke yake, sikuwepo kumshika mkono."

Nililia. Mwenyekiti wa kitongoji mzima, nalia mbele ya kindoo.

"Sasa hapa unangoja nini, Bibi?"

"Nyumba hii niliingia nikiimbiwa. Zaidi naye ametoka kwa heshima zake, mtani kamzuia mlangoni. Mimi mnataka mnipakie mtumbwini kimyakimya pamoja na magunia ya mahindi. Sitoki hivyo."

Siku ya Jumamosi, Hiza, mwenye mtumbwi, akaja. Wajukuu wakabeba vitanda, vyungu na kuku. Bibi alipotaka kutoka akanikuta nimelala kifudifudi kizingitini.

"Mwenyekiti, mvua hiyo inakuja!" Hiza akapiga kelele.

"Hatoki mtu!" nikajibu. "Huyu mtu wa ng'ambo anamtorosha mke wa Zaidi!"

Bibi Mwantumu alisimama juu yangu, kanga kaifunga kibwebwe, jogoo mkononi. Nikasikia mabawa, kisha kucha mgongoni.

"Chukua, mroho wewe! Mwache mke wa Zaidi aende."

Watu walicheka mpaka Husna akakaa chini. Bibi naye alicheka, akajifuta macho kwa pindo la kanga, akafunga mlango mwenyewe.

Mtumbwini nilikaa nyuma yake na jogoo wangu. Tulipofika pale lilipokuwa kaburi, sasa maji matupu, Bibi Mwantumu, ambaye hajawahi kuuogopa mto, alifumba macho akashika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili. Hakuziachia mpaka tulipogusa mchanga.

Nilimsaidia kushuka. Akanishika bega akiangalia mlima na njia ya kupanda.

"Mnyamwezi," akasema, "siku yangu ya kutolewa uje mapema unilalie kizingitini."

"Nitachelewa, Bibi," nikamwambia. "Nitachelewa sana."